Utu Uzima wa Mgonjwa: Kazi ya Ustawi wa Jamii katika Afya ya Akili, Kisumu



Nimeitwa nieleze kazi ya afisa wa ustawi wa jamii anayehudumia watu wazima wenye maradhi ya akili hapa Kisumu na katika vijiji vya ufuoni mwa Ziwa Victoria. Nina jambo moja la kusema, na yote nitakayoyataja yatalizunguka hilo. Mtu mzima akiugua akili anabaki mtu mzima. Ana umri wake, ana madeni yake, ana haki katika ardhi ya baba yake, ana mwenzi au anatamani kuwa naye, ana kura. Ugonjwa unaweza kumnyima usingizi na utulivu, unaweza hata kumfanya asikie sauti ambazo sisi hatuzisikii. Lakini shamba, simu, kitambulisho na neno lake barazani havichukuliwi na ugonjwa. Vinachukuliwa na sisi tulio wazima. Kazi yangu ni kuzuia unyang'anyi huo, na pale ulipokwisha kutokea, kusaidia kurudisha kilichochukuliwa.

Njooni mketi nami asubuhi ya kliniki. Anaingia mzee akiwa na mwanawe wa miaka arobaini hivi. Visa ninavyovisimulia leo nimevichanganya kutoka kwa watu mbalimbali, ili mtu yeyote asitambulike. Namuuliza mwana amelalaje wiki hii. Baba anajibu. Namuuliza kama dawa zinamtetemesha mikono. Baba anajibu. Namuuliza anataka nini mwaka huu, na safari hii baba ananitazama kwa mshangao, hana jibu.

"Jaduong', mzee wangu," nasema, "nakushukuru kwa kumleta. Naomba sasa nimsikie mwenyewe."

Kimya kinakuwa kirefu. Kisha mwana anasema, "Nataka kurudi majini."

Baba yule si mtu mbaya. Ameuza ng'ombe kwa ajili ya matibabu, amelala sakafuni hospitalini, amekimbia usiku na tochi akimtafuta mwanawe. Amechoka, na katika kuchoka amezoea kumsemea. Kila mara anapomsemea, yule mwana anazidi kunyamaza, na sisi wahudumu tunaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hazungumzi.

Tabia hii ya kumfanya mgonjwa mtoto ina historia, na sehemu ya historia hiyo iliandikwa hapa Kenya. Hospitali ya Mathari ilianzishwa Nairobi mwaka 1910. Kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari Mwingereza, J. C. Carothers, ambaye maandishi yake yalisomwa duniani kote. Mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Alidai pia kwamba ugonjwa wa huzuni nzito ni nadra miongoni mwetu, kwa kuwa wachache tu wenye ugonjwa huo ndio waliofikishwa Mathari. Lakini ni nani angefikishwa huko? Aliyevunja vioo sokoni alikamatwa akapelekwa. Mama aliyekaa nyuma ya nyumba akilia, asiyeweza kuwasha moto wa jikoni, hakuna askari aliyemfuata. Daktari alihesabu waliokamatwa akadhani amewahesabu wagonjwa. Kwa elimu ya namna hiyo, taifa zima lilichukuliwa kuwa la watoto, na aliyelazwa Mathari alikuwa mtoto mara mbili.

Carothers aliondoka, lakini mazoea hayakuondoka naye. Katiba yetu ya 2010, ambayo tunaipenda na tuliipigania, inasema katika Kifungu cha 54 kwamba mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima. Katiba hiyo hiyo, katika Kifungu cha 83, inamnyima nafasi ya kuandikishwa kuwa mpiga kura mtu aliyetangazwa kuwa hana akili timamu. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na Kifungu cha 12 cha mkataba huo kinataka kila mtu atambuliwe sawa mbele ya sheria, pamoja na msaada anaouhitaji ili aamue mambo yake. Sheria yetu ya Afya ya Akili ya 1989 ilijishughulisha zaidi na namna ya kumwingiza mtu hospitalini na nani atasimamia mali yake. Marekebisho ya 2022 ndiyo yaliyomweka mgonjwa mwenyewe katikati: haki ya kuelezwa na kuridhia matibabu, haki ya kushiriki katika kuyapanga, na wajibu wa kila kaunti kutoa huduma hizi katika hospitali na vituo vyake. Wanafunzi mnaosomea kazi hii, isomeni sheria hiyo mpaka muijue bila kufungua kitabu. Siku moja mtasimama mbele ya naibu chifu, ndugu wa mgonjwa wamejaa ofisini, na mtaihitaji papo hapo.

Turudi kwa yule anayetaka kurudi majini, maana hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

Omena, dagaa wa ziwa letu, huvuliwa usiku, katika siku za giza, mashua zikiwa na taa za kuwavutia samaki. Mtu aliyemeza vidonge vinavyoleta usingizi saa moja jioni hawezi kukesha akivuta wavu. Haloperidoli inaweza kukaza misuli na kutetemesha vidole, na vidole ndivyo kazi ya mvuvi. Klopromazini huifanya ngozi iungue haraka juani, na ufuo wetu hauna kivuli cha kutosha. Sasa fikirini mtu huyu anafanya nini. Anaacha dawa siku tatu ili aweze kuingia kazini na kupata fungu lake la mapato. Wiki mbili baadaye sauti zimerudi, na kijiji kizima kinasema amekataa dawa. Lakini hakukataa dawa. Aliwekwa achague kati ya dawa na chakula cha wanawe.

Afisa wa ustawi wa jamii habadilishi dawa. Hiyo ni kazi ya muuguzi wa akili, afisa wa kliniki au daktari. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba wanaobadilisha dawa wanajua mtu huyu hula kwa kazi gani. Nikiandika kwenye faili kwamba huyu ni mvuvi wa omena, kwamba mashua hutoka machweo, kwamba siku za mbalamwezi mashua hupumzika, daktari ana kitu cha kufanyia kazi. Pengine ataona sindano ya kila mwezi inafaa kuliko vidonge vya kila jioni, na tarehe yake ikapangwa siku ambazo mwezi unang'aa na mtu yuko nchi kavu. Pengine ataagiza asiingie majini kwanza, na hapo natafuta kazi za ufuoni ambazo ni za uvuvi vilevile: kushona nyavu, kuanika omena, kulinda injini, kuhesabu beseni wanunuzi wanapofika. Mvuvi anayeshona nyavu bado yuko na wenzake, anasikia habari za ziwa, anaitwa kwa jina lake.

Mazungumzo na mwenye mashua, au na kamati ya ufuo tunayoiita BMU, nayafanya kwa ruhusa ya mwenyewe tu, naye ndiye anayechagua kipi kisemwe. Mara nyingi inatosha kusema kwamba alikuwa mgonjwa, anatibiwa, na anaomba kuanza na kazi nyepesi. Jina la ugonjwa si mali ya kijiji.

Kisha kuna kalenda. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaliane. Miezi hiyo ufuo hauna pesa, na kadi za kliniki zinabaki nyumbani kwa sababu nauli haipo. Anayepanga huduma za afya ya akili kandokando ya ziwa hili bila kuijua kalenda ya omena atawaandika watu kuwa watoro bure. Tena wavuvi wanahama. Leo yuko Dunga hapa Kisumu, mwezi ujao yuko Mfangano au Remba, katika Kaunti ya Homa Bay, na faili lake limebaki Kisumu. Ninachokifanya ni kuomba muhtasari wa matibabu uandikwe kwa mkono unaosomeka, na mgonjwa akae nao mwenyewe, pamoja na kitambulisho chake. Katika huduma za Ukimwi tulijifunza haya zamani. Eneo letu limeumizwa na virusi kuliko sehemu nyingi za nchi, na kwa sababu hiyo tulijenga utaratibu wa kumpigia simu asiyefika, wa kumpa kila mtu msaidizi wa matibabu, wa kuwaunganisha wagonjwa katika vikundi. Kliniki ya akili katika hospitali inayotoa huduma hizo, mlango wa pili, haina hata salio la simu la kumpigia mtu mmoja. Na tangu Marekani ilipositisha misaada yake Januari 2025, hata ule utaratibu wa Ukimwi umeyumba. Yale tuliyojifunza kwa gharama ya maisha ya watu yasipotee. Kaunti iyachukue iyafanye yake.

Nimesema habari za wanaume. Wanawake wa ufuoni huja kwa njia nyingine, na mara nyingi hawaji kabisa. Mchuuzi wa omena ananunua kwa mvuvi, na wote hapa tunajua kuhusu jaboya, mtindo wa mwanamke kulazimika kutoa mwili wake ndipo auziwe samaki. Mwaka 2011 wanawake wa ufuo wa Nduru Kager, Nyakach, waliamua kumiliki mashua zao wenyewe ili waachane na hali hiyo. Ilikuwa hatua ya ujasiri mkubwa. Mwaka 2020 ziwa likafurika hadi kiwango ambacho halikuwa limefikia katika kumbukumbu za vipimo, na nyumba zao zikazama. Nani alikwenda kuwauliza walivyokuwa wanalala usiku? Chakula cha msaada kilipelekwa, mahema yakapelekwa. Mama anayepoteza nyumba, mashua na biashara kwa juma moja, halafu akaambiwa ashukuru kwa unga, haumwi na njaa peke yake. Akifika zahanati atasema kichwa kinamuuma, moyo unamwenda mbio, anafikiria sana. Atapewa dawa ya maumivu na kipimo cha malaria.

Wanawake kama hawa ndio ambao Carothers hakuwaona. Jibu la kitaalamu kwa dai lake lilipatikana ng'ambo ya ziwa hili hili. Katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda, watafiti walijaribu tiba ya mazungumzo ya vikundi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa watu wa palepale, wenye elimu ya sekondari, waliofundishwa kwa wiki mbili. Walikaa na vikundi mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wanawake kwao na wanaume kwao, wakizungumza juu ya misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Mwanzoni asilimia 86 ya waliopata tiba hiyo walikuwa na huzuni nzito ya kiwango cha ugonjwa. Mwishoni walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupata tiba, walibaki asilimia 54.7. Hapa Kisumu pia, watafiti wakishirikiana na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wamejaribu tiba ya namna hiyo kwa wanawake wanaoishi na virusi vya Ukimwi waliopitia ukatili, ikitolewa na wahudumu wasio mabingwa. Kwa hiyo mtu asituambie tusubiri mpaka mabingwa watoshe. Kaunti yenye watu zaidi ya milioni 1.1 haitangojea hivyo ikapona. Wahamasishaji wa afya ya jamii wapo tayari katika kila kijiji. Wafundishwe, walipwe kwa wakati, na wawe na afisa wa kuwashika mkono wanapolemewa na yale wanayoyasikia.

Sasa ardhi. Sipendi kuifupisha sehemu hii, kwa kuwa naona imeharibu maisha ya watu wengi kuliko ugonjwa wenyewe. Kijana wa Kijaluo anajengewa simba, yaani nyumba ya kijana asiyeoa, katika boma la baba yake, na ukifika wakati anatoka kwenda kuanzisha boma lake. Anayeugua anaachwa kwenye simba. Paa linavuja, ndugu wadogo wanatoka wakijenga, yeye yuko palepale ana mvi. Baba anapofariki, familia inakaa kugawana, na jina lake haliko kwenye orodha, au limeandikwa chini ya jina la kaka "atakayemtunza". Miaka mitatu baadaye kaka ameuza. Sheria inatoa njia ya mahakama kuteua msimamizi wa mali ya mtu asiyeweza kuisimamia, na msimamizi huyo hutoa hesabu mahakamani. Njia hiyo ni ya wale ambao kweli hawawezi, na ni ya mahakama. Kikao cha ukoo chini ya mti hakina mamlaka hayo. Mtu anaweza kuwa mgonjwa Januari na mwenye akili ya kutosha kusoma hati Machi. Aulizwe Machi.

Nikiitwa kwenye vikao hivyo, huomba mambo mawili. Mwenye haki awepo, na aketi kwenye kiti kama wenzake, maana mara nyingi namkuta ameketishwa chini, karibu na mlango. Na baba akiwa hai, ninamwomba aseme mapema, mbele ya mashahidi, mwanawe huyu atajenga wapi. Wazee wengi hulipokea hilo vizuri. Wanajua kwamba kumwacha mwana bila mahali pa boma lake ni aibu kubwa kuliko ugonjwa.

Juu ya maombi nitasema machache, kwa heshima. Wengi wenu ni waumini, na mimi pia. Wagonjwa wetu wengi wamepita kwanza kwa Legio Maria, kwa makanisa ya Roho, kwa waganga wa mitishamba, kabla ya kufika kwetu. Sina ugomvi na maombi. Yanampa mtu watu wa kukaa naye usiku wa manane, jambo ambalo kliniki haiwezi. Ugomvi wangu ni na mnyororo. Mwaka 2020 Human Rights Watch ilitoa ripoti juu ya watu wanaofungwa minyororo kwa sababu ya ugonjwa wa akili katika nchi zipatazo 60 duniani, na miongoni mwa mahali palipotajwa kulikuwa na kituo cha maombi hapa Kisumu. Mji wetu. Mchungaji anayemwombea mgonjwa na kumruhusu kunywa dawa zake ni mwenzangu katika kazi, na nitamfuata mpaka kanisani kwake tupange pamoja. Anayemfunga mtu kwenye nguzo anavunja sheria ya nchi, na jina la Mungu halimwondolei kosa.

Na kuhusu wale wanaojaribu kujiua: kwa miongo mingi Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio hilo kuwa kosa. Mtu aliyeokolewa angeweza kuzinduka kitandani akamkuta askari. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Waambieni majirani zenu. Familia bado zinaficha, zinasema alikunywa dawa ya panya kwa bahati mbaya, zikiogopa polisi, na kwa kuficha huko aliyeokolewa anarudishwa nyumbani bila mtu kumuuliza kilichomsukuma.

Kuna kazi nyingine ambazo hazina sifa, na ndizo zinazokula saa nyingi za siku. Kumwandikisha mtu katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kumsaidia aombe Inua Jamii, msaada wa fedha wa serikali, ambao ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wenye ulemavu mkubwa, na kusisitiza kwamba fedha hizo ziingie kwenye akaunti yake. Kumwandikisha katika bima mpya ya afya iliyochukua nafasi ya mfuko wa bima wa NHIF Oktoba 2024. Kutafuta kitambulisho kilichopotea wakati alipokuwa akizurura mtaani Kondele. Boston, mwaka 1905, daktari Richard Cabot aliajiri mfanyakazi wa ustawi wa jamii katika hospitali yake kwa sababu aliona upuuzi wa kumwagiza maskini apumzike na ale vizuri, kisha kumrudisha kwenye nyumba isiyo na chakula. Ni zaidi ya karne sasa, na bado yapo mahali ambapo afisa wa ustawi wa jamii anahesabiwa kuwa mtu wa kuamua nani asamehewe bili ya hospitali, basi.

Kwa hiyo nina maombi, na nayaelekeza kwa wenye uwezo wa kuyatimiza. Kaunti ya Kisumu ina kaunti ndogo saba: Kisumu Mashariki, Kisumu Magharibi, Kisumu ya Kati, Seme, Nyando, Muhoroni na Nyakach. Kila moja iwe na afisa wa ustawi wa jamii aliyeajiriwa kwa ajili ya afya ya akili, mwenye nauli ya kufika vijijini na simu yenye salio. Bajeti itaje kifungu hicho kwa jina, kwa kuwa sheria ya 2022 imeiwajibisha kaunti. Dawa za akili zisikosekane kituoni, maana mgonjwa aliyepanda matatu kutoka Nyakach akaambiwa arudi wiki ijayo hatarudi.

Na ninyi wenye mgonjwa nyumbani, ombi langu kwenu halihitaji bajeti. Leo jioni mkifika, muulizeni anataka nini. Muulizeni yeye, nanyi mngoje mpaka ajibu.